Mali Bila Daftari: Kijarida Huru cha Wasanii Wachanga wa Musoma, Bunda na Butiama

Haya ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wasanii vijana na wakazi wa kata kuhusu uanzishaji wa vijarida huru vya sanaa na muziki. Yanachapwa hapa kwa faida ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo husemwa mara nyingi dukani, mbele ya mfanyabiashara anayekopesha bila kuandika. Hata hivyo, ipo mali nyingine inayopotea kila mwaka katika mji wa Musoma, katika mji wa Bunda na katika vijiji vya Butiama, na hakuna anayeidai kwa kuwa haikuandikwa popote. Mali hiyo ni kazi ya wasanii wachanga, wale ambao katika lugha ya mtaani hujiita maandagraundi: mwenye kufoka ambaye hajawahi kusikika redioni, mtengenezaji wa midundo mwenye kompyuta moja katika chumba cha kupanga, mchoraji wa majina na nakshi za mitumbwi, binti mwenye daftari la mashairi ambalo halijasomwa na yeyote ila yeye, na mzee wa litungu anayealikwa harusini na kusahauliwa kesho yake.

Kazi hizo si chache wala si hafifu. Udhaifu uko mahali zinapohifadhiwa. Wimbo hukaa katika simu, na simu huibwa au huzama ziwani. Mchoro hukaa ubavuni mwa mtumbwi, na mtumbwi hupakwa rangi upya. Kompyuta ya studio huuzwa pale mwenye studio anapohama, na nyimbo zote zilizomo huondoka nayo. Baada ya miaka mitano, anayeuliza ni nani aliyeanza kurekodi katika kata fulani hupewa majina matatu na watu watatu, na kila mmoja huapa kwamba jina lake ndilo la kweli.

Mazungumzo haya yanahusu njia moja ya kuiwekea mali hiyo daftari, nayo ni kijarida huru: chapisho dogo linaloandikwa, kuchorwa, kutolewa kopi na kusambazwa na wasanii wenyewe. Hoja yake ni moja. Kijarida cha namna hiyo hupata uhuru wake kutokana na udogo wake. Kikiwa kidogo kiasi cha kugharamiwa na wale wanaokiandika, hakuna mwingine awezaye kukielekeza kwa fedha zake.

Kijarida huru ni kitu gani

Kijarida huru hakina ofisi, hakina matangazo ya biashara yanayokilisha, na mara nyingi hakina mhariri aliyesomea uhariri. Kina watu wachache wenye jambo wanalolipenda na wasioridhika na ukimya uliolizunguka jambo hilo. Jadi hii ina umri mrefu. Mwaka 1930, mjini Chicago nchini Marekani, wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi walianza kutoa karatasi zao wenyewe zilizoitwa The Comet. Mwaka 1976, mjini London, karani mmoja kijana wa benki aitwaye Mark Perry alitoa kijarida kilichoitwa Sniffin' Glue, kuhusu muziki mpya wa panki ambao waandishi wengi wa magazeti walikuwa bado hawajauelewa. Alitumia taipureta na kalamu ya wino mzito, na toleo la kwanza lilikuwa na nakala zipatazo 50. Kabla ya mwisho wa mwaka uliofuata kijarida hicho kilikuwa kinasomwa na maelfu, ndipo Perry akaamua kukifunga. Leo, mtu anayeandika historia ya muziki ule hawezi kukwepa karatasi zile, kwa sababu ziliandikwa na mtu aliyekuwa ukumbini usiku ule ule, si na mtu aliyesimuliwa baadaye.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa Tanzania. Vitabu viwili vinavyotajwa mara kwa mara kuhusu muziki wa nchi hii, yaani Performing the Nation cha Kelly Askew cha mwaka 2002 na Live from Dar es Salaam cha Alex Perullo cha mwaka 2011, viliandikwa na wasomi wa Marekani, kwa Kiingereza. Ni kazi za heshima, zilizofanywa kwa bidii. Lakini macho ya cha kwanza yalielekea zaidi Tanga, na ya cha pili yalielekea Dar es Salaam. Mtafiti huenda kule ambako tayari kuna cha kusoma na cha kusikiliza. Mahali ambapo hapajaandika lolote kuhusu pao wenyewe husubiri mgeni, na mgeni huenda asifike kamwe.

Karatasi ndogo katika historia ya nchi

Wakazi wa Butiama wana sababu ya kuzifahamu karatasi ndogo kuliko watu wengine. Katika miaka ya harakati za uhuru, chama cha TANU kilikuwa na kijarida chake, Sauti ya TANU, cha kurasa chache zilizotolewa kwa mashine ya kurudufu. Mwaka 1958, Julius Nyerere alifikishwa mahakamani kwa makala aliyoiandika humo kuhusu maofisa wawili wa kikoloni wa wilaya. Alishtakiwa kwa kosa la kashfa, akatetewa na wakili Mwingereza D. N. Pritt, akatiwa hatiani na kutakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ililipwa. Dola iliyokuwa na magazeti, redio na askari iliona haja ya kuisimamisha mahakamani makala moja ya kijarida cha kurudufu. Hicho ndicho kipimo cha nguvu ya karatasi ndogo, na pia ni onyo kwamba neno likishachapwa halirudi.

Mfano wa pili unatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwezi Novemba 1969, wanafunzi wa chuo hicho walianza kutoa jarida liitwalo Cheche. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Hawakuwa na kiwanda cha uchapaji. Walipiga chapa kwenye stensili, wakarudufu, wakapanga kurasa kwa mikono na kuuza wenyewe. Katika kurasa hizo za kurudufu ndimo ilimotoka, mwaka 1970, makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, ambayo wasomi wanaijadili hadi leo. Mwezi Novemba 1970 jarida hilo lilipigwa marufuku. Moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba jina lake lilikuwa mwangwi wa Iskra, gazeti la Lenin, ambalo kwa Kirusi lina maana hiyo hiyo ya cheche. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya uongozi wa mwandishi yule yule aliyetozwa faini mwaka 1958. Historia inayasema yote mawili, na anayeanzisha kijarida hana budi kuyajua yote mawili.

Cheche iliishi mwaka mmoja tu. Lakini nakala zilibaki mikononi mwa watu, na mwaka 2010, miaka 40 baada ya marufuku, Karim Hirji alitoa kitabu kizima cha kumbukumbu zake kupitia kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota. Kama nakala zile zingetupwa, kitabu hicho kingebaki kuwa masimulizi ya wazee.

Mfano wa tatu ni wa kuchekesha zaidi, nao unajulikana na kila aliyekua akisoma katuni. Jarida la Sani lilipata jina lake kwa kuunganisha mwanzo wa majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Wahusika wake kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge waliingia katika mazungumzo ya kila siku ya Watanzania. Waanzilishi wake hawakusubiri mhisani awape jina. Jina walilitoa kwao wenyewe.

Hesabu ya uhuru

Vijana wengi husema kwamba wangeanzisha jarida kama wangepata mfadhili. Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Mfadhili ana haki ya kuuliza fedha yake imefanya nini, na mara nyingi swali hilo huwa maelekezo. Promota akilipia toleo, msanii wa promota atakaa katika jalada. Mwenye baa akilipia, hapatakuwa na neno kuhusu bendi iliyonyimwa malipo katika baa hiyo. Mgombea akilipia, kijarida kitakuwa bango lake.

Hesabu ya kijarida kidogo haihitaji mfadhili. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne ndogo. Karatasi nne hutoa kurasa 16, na hizo zinatosha kwa toleo la kwanza. Nakala 50 hutumia karatasi 200, yaani chini ya nusu ya rimu, na kopi za pande 400. Bei ya kopi hutofautiana kati ya duka na duka; kwa mfano wa hesabu, ikichukuliwa shilingi 100 kwa upande mmoja, gharama yote ni shilingi 40,000. Kikundi cha watu watano kikichanga, kila mmoja hutoa shilingi 8,000. Nakala moja imegharimu shilingi 800. Ikiuzwa shilingi 1,000, nakala 40 zikinunuliwa fedha yote imerudi, na nakala 10 zinabaki kwa ajili ya waandishi, maktaba na akiba.

Faida katika hesabu hiyo ni ndogo mno, na ndivyo inavyostahili kuwa. Anayetafuta mtaji wa maisha atafute biashara nyingine. Kijarida hiki hakikusudii kumlisha mtu. Kinakusudia kutomdai mtu, na asiyedaiwa husema atakalo.

Cha kuandika

Kosa la vijarida vingi ni kujaza sifa. Ukurasa unaosema kwamba msanii fulani ni moto wa kuotea mbali haumwambii msomaji lolote, na baada ya mwaka mmoja hauna thamani. Ukurasa unaosema wimbo ulirekodiwa lini, katika chumba cha nani, kwa kipaza sauti cha aina gani, kwa shilingi ngapi, na ni nani aliyepiga gitaa, una thamani leo na utakuwa na thamani zaidi baada ya miaka 20. Kanuni ya kwanza ya kijarida kizuri ni kuandika mambo yanayohesabika na kutajika.

Mkoa wa Mara una mengi ya namna hiyo. Litungu, ala ya nyuzi nane inayofahamika hasa kwa Wakurya, ina mafundi wanaojua mti upi unafaa, ngozi ipi inatanda vizuri na nyuzi hupangwaje. Elimu hiyo ikiandikwa na kuchorwa hatua kwa hatua katika kurasa nne, kijarida kimefanya kazi ambayo hakuna video ya dakika moja inayoweza kuifanya. Vivyo hivyo kuna maneno ya Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya na Kijaluo yanayoingia katika nyimbo za vijana bila kuelezwa. Safu moja ya kila toleo inayofafanua maneno hayo itasomwa na vijana na wazee kwa pamoja. Mazungumzo ya maswali na majibu kati ya mpiga litungu na mtengenezaji wa midundo ya singeli yangewafunza wote wawili, na kumfunza msomaji pia.

Wasichana wapewe nafasi ya kuhariri, si ya kupamba jalada. Wakati wahariri wa Cheche wanakesha na stensili zao, wanawake chuoni walikuwa wachache, lakini mmoja wao aliketi katika meza ya uhariri. Kijarida ambacho wahariri wake wote ni wavulana huishia kuandika kuhusu wavulana, na nusu ya sanaa ya kata huachwa nje bila mtu kukusudia.

Kanuni ya pili ni ukweli. Kila jina lihakikiwe tahajia yake kwa mwenye jina. Kila tarehe iulizwe kwa watu wawili. Madai ya wizi wa wimbo yasichapwe kabla ya anayetuhumiwa kuulizwa, na jibu lake lichapwe pamoja na tuhuma. Bifu za wasanii huleta wasomaji kwa wiki moja na kesi kwa mwaka mzima. Toleo likikosea, toleo linalofuata lisahihishe katika ukurasa unaoonekana.

Namna ya kukitengeneza

Mpangilio wa kurasa huwasumbua wanaoanza, ilhali una siri moja nyepesi. Katika kijarida cha kurasa 16, namba za kurasa mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu katika upande mmoja wa karatasi hujumlishwa kuwa 17. Karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 16 kushoto na wa 1 kulia. Nyuma yake hukaa wa 2 kushoto na wa 15 kulia. Karatasi ya pili hubeba wa 14 na wa 3, na nyuma yake wa 4 na wa 13. Utaratibu huendelea hivyo hadi karatasi ya ndani kabisa, ambayo kurasa zake za katikati ni wa 8 na wa 9. Ni vyema kukunja karatasi nne tupu, kuziandika namba kwa penseli, kisha kuzikunjua na kuzitumia kama ramani.

Mashine ya kopi haipendi picha zenye vivuli vingi. Nyuso hugeuka madoa meusi. Michoro ya kalamu nyeusi hutoka vizuri, na picha zilizopigwa kwenye mwanga mkali hutoka vizuri kuliko zile za ukumbini usiku. Sentimita moja iachwe wazi kila upande, kwa kuwa mashine nyingi hukata ukingo. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Ikifunguliwa na kugongwa juu ya boksi laini, pini hupita na hukunjwa kwa mkono. Wasio na stepla wanaweza kushona matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano na uzi wa nyavu, ambao mjini Musoma haukosekani.

Nakala halisi, ile iliyobandikwa kwa gundi kabla ya kutolewa kopi, ihifadhiwe katika bahasha kavu, kwa sababu toleo likiisha kopi mpya hutolewa kutoka humo. Kopi ya kopi hufifia.

Sheria na ridhaa

Udogo hauondoi wajibu wa kisheria. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mchapishaji wa gazeti au jarida awe na leseni, na leseni hiyo hutolewa kupitia Idara ya Habari, MAELEZO. Kikundi kinachokusudia kutoa matoleo ya mfululizo kiandike barua mapema, kieleze ukubwa wa chapisho, idadi ya nakala na namna ya kulisambaza, kisha kitunze majibu. Wanaotaka kutoa kitabu kidogo cha mara moja, cha mashairi au michoro, wafahamu kwamba namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Njia zote mbili zina hatua zake, na ni afadhali kuzijua kabla ya kopi ya kwanza kuliko baada ya kuitwa ofisini.

Kazi za wasanii zina wenyewe. Hakimiliki inalindwa na sheria ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Mashairi ya mtu yasichapwe bila ridhaa yake, na ridhaa ya maandishi ya mistari miwili inatosha kuzuia ugomvi. Picha za watoto na namba za simu za watu zisichapwe ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa hizo, na hata bila sheria heshima ingedai vivyo hivyo.

Huduma zilizopo na mipaka yake

Wakazi wana haki ya kujua ni huduma zipi za umma zinazoweza kukisaidia kijarida. Afisa Utamaduni wa halmashauri ndiye kiungo kati ya wasanii na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Yeye huelekeza taratibu za usajili na vibali vya maonyesho. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata huelekeza namna ya kusajili kikundi. Maktaba ya Mkoa iliyopo Musoma ni mahali pa kusomea, kukutania kwa utulivu na kuhifadhia nakala. Kumbi za kata na za shule huombwa kwa barua.

Ipo pia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ni ya vijana na 2 ni ya watu wenye ulemavu. Hapa lazima lisemwe jambo ambalo huenda halikutarajiwa: toleo la kwanza la kijarida lisijengwe juu ya mkopo. Mkopo usio na riba bado ni deni, na kijarida cha nakala 50 hakina mapato ya kulirejesha kila mwezi. Kikundi chenye biashara inayoeleweka, kama kuchapa fulana, kurekodi nyimbo au kutoa kopi, kinaweza kuomba mkopo kwa ajili ya biashara hiyo. Kijarida kibaki pembeni, kikilishwa na michango midogo ya wanaokipenda.

Jambo la pili ni gumu zaidi kusemwa katika mazungumzo ya kiserikali, lakini lisiposemwa mengine yote hayana maana. Kijarida cha wasanii si jarida la halmashauri. Anayetoa ukumbi asidai ukurasa. Afisa anayesaidia kuandika barua ya leseni asiombe kusoma makala kabla hazijachapwa. Na siku kijarida kitakapoandika, kwa ukweli na ushahidi, kwamba ada ya ukumbi ni kubwa mno kwa vijana, au kwamba taa za uwanja haziwaki, jibu la ofisi liwe barua kwa mhariri, si kufuli mlangoni. Barua hiyo mhariri naye ana wajibu wa kuichapa nzima.

Kusambaza na kutunza

Nakala 50 huonekana chache, lakini nakala moja iliyoachwa saluni husomwa na watu wengi kwa mwezi. Katika miji hii vituo vya kusambazia vinajulikana: duka la steshenari lililotoa kopi, studio, saluni, kijiwe cha bodaboda, kibanda cha chai karibu na mwalo wa Mwigobero, stendi ya Bunda. Dereva wa daladala anayekubali kubeba bahasha kupitia Makutano huwafikishia wasomaji wa Butiama toleo siku ile ile. Mitandao ya simu itumike kutangaza kwamba toleo limetoka. Simu hueneza habari upesi, na karatasi huitunza. Kila moja ina kazi yake.

Katika zile nakala 10 zisizouzwa, nakala mbili ziende maktaba, moja ibaki kwa kila mhariri, na zilizobaki zikae katika boksi moja lenye jina la kijarida, nyumbani kwa mtu anayeaminika. Kila nakala iandikwe namba ya toleo, mwezi, mwaka na mahali. Vijarida vingi duniani vimepoteza historia yake kwa sababu wahariri walisahau kuandika mwaka, wakidhani kila mtu ataukumbuka.

Wapo watakaosema kwamba vijana wa siku hizi hawasomi. Kauli hiyo ingepimwa vizuri baada ya vijana hao kupewa kitu kinachowataja. Mtu aliyeona jina lake limeandikwa kwa tahajia sahihi, pamoja na wimbo wake na siku aliyourekodi, huusoma ukurasa huo mara tatu, kisha humpelekea mama yake.

Ndugu wasanii, haba na haba hujaza kibaba. Matoleo manne kwa mwaka, ya kurasa 16 kila moja, ni kurasa 64. Kwa miaka mitano ni kurasa 320, ambazo ni kitabu kizima cha sanaa ya Musoma, Bunda na Butiama, kilichoandikwa na wenyewe, kwa fedha zao, bila kumdai wala kudaiwa na mtu. Kinachohitajika kwa kuanzia ni watu watano, karatasi nne na jina. Jina hilo lichaguliwe na kikundi chenyewe.